Majivu, Ukwaju na Magadi: Kusafisha Nyumba ya Dodoma kwa Vitu vya Jikoni

Nyumba ya Dodoma huchafuliwa na vitu viwili hata kabla jiko halijawashwa: vumbi, na maji yenyewe. Upepo ukishaanza mwezi wa sita, vumbi jekundu hupenya kila upenyo, na halitulii mpaka mvua za Desemba zishike. Maji nayo mengi hutoka chini ya ardhi, kwenye visima virefu vya Mzakwe na visima vya mitaani, na huja yamebeba chokaa na chumvi. Ndiyo maana sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe, na shuka jeupe linakuwa la kijivu kabla halijachakaa. Maelekezo mengi ya usafi wa asili yameandikwa kwa ajili ya watu wenye maji laini. Ukiyafuata hapa kama yalivyo, utachoka bure.

Vifaa vyenyewe havina gharama kubwa: majivu, ukwaju, ndimu, siki, chumvi, magadi, mkaa, mchanga, dodoki na jua. Kinachotakiwa ni kujua kipi kinakwenda na uchafu upi.

Kila uchafu na dawa yake

Mafuta na masizi hutolewa na vitu vya jamii ya magadi: magadi yenyewe, majivu na sabuni. Chokaa na kutu hutolewa na vitu vichachu: ukwaju, ndimu, siki. Vumbi halihitaji dawa yoyote kati ya hizo. Linahitaji kuondolewa likiwa kavu, na maji yafuate baadaye. Ukishika hayo matatu, mengine yote hapa chini ni maelezo tu.

Kosa linaloongoza ni kuchanganya jamii mbili za kwanza kwenye chombo kimoja. Mtu anamwaga siki juu ya magadi, povu linafurika, anaridhika kwamba uchafu unatoka. Povu hilo ni hewa inayotoka wakati magadi na siki vinauana. Likishatulia, kilichobaki ni maji yasiyo na ukali wala uchachu, na mafuta yapo palepale. Anza na kimoja, suuza, ndipo ulete kingine kama bado kuna haja.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao si hasara tu bali ni hatari. Dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo na kuulia vijidudu, isikutane kabisa na siki, ndimu wala ukwaju. Hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na chooni au bafuni, ambako dirisha ni dogo, inaweza kumwangusha mtu. Usiimwage pia mahali penye mkojo mwingi kabla ya kusuuza kwa maji. Na nguvu ya majivu na ndimu isikuzwe kupita kiasi: vinaondoa uchafu, lakini mgonjwa wa kuhara akiwemo ndani, vyombo na choo vinahitaji klorini kama mtoa huduma wa afya atakavyoelekeza.

Kuandaa majivu

Si kila jivu linafaa. Chukua majivu ya kuni ngumu kama mgunga, au ya mkaa ulioungua mpaka ukawa mweupe. Majivu ya mabua na vichwa vya alizeti ni makali zaidi, kwa hiyo tumia nusu ya kipimo. Usitumie majivu ya moto uliochomewa plastiki, mbao za rangi au takataka. Yana sumu, na sufuria ni chombo cha chakula.

Acha majivu yapoe siku nzima. Kaa la moto linaweza kujificha ndani ya jivu mpaka kesho yake, na ndoo nyingi za plastiki zimetobolewa hivyo. Kisha chekecha kwa chekecheke la unga wa zamani, kwa sababu punje ya mkaa mmoja tu mgumu inaacha mikwaruzo kwenye chombo chote. Yahifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Majivu yaliyonyeshewa mvua yamekwisha nguvu. Ukali wake umeondoka na maji, na kilichobaki kinafaa kusugulia tu.

Kwa mafuta yaliyogandamana, majivu makavu hayatoshi. Tengeneza maji ya majivu: vikombe 4 vya majivu yaliyochekechwa kwenye lita 5 za maji ya moto, ndani ya ndoo ya plastiki. Koroga, funika, acha usiku kucha. Asubuhi mimina maji ya juu taratibu bila kutibua chini, kisha yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Yawe na rangi ya chai hafifu. Chovya ncha za vidole, zisuguane: zikiteleza kama zina sabuni, yameiva. Yakichonyota, yamezidi, ongeza maji lita moja na ujaribu tena. Osha vidole mara moja. Maji haya yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hatauliza.

Sufuria

Hapa ndipo majivu yanaponufaisha kuliko mahali pengine popote, na hapa pia ndipo yanapoharibu. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini. Majivu na magadi huila alumini polepole na kuifanya iwe ya kijivu kizito, halafu nyeusi. Kwa hiyo kwa upande wa nje, majivu yakae dakika 15, yasizidi. Kwa upande wa ndani, hapana.

Masizi ya kuni huzuiwa kabla hayajashika. Kabla ya kuinjika, paka sehemu yote ya nje kwa uji mzito wa majivu na maji kama sufuria si ya alumini, au sugulia kipande cha sabuni kilicholoweshwa. Masizi yatashika juu ya tabaka hilo, si juu ya chuma. Baada ya kupika, sufuria ikipoa, maji na kitambaa vinatosha kuyaondoa.

Kama yameshaganda, fanya hivi:

1. Pasha maji ndani ya sufuria mpaka iwe ya vuguvugu kwa nje, kisha yamwage. Masizi yana mafuta ya moshi ndani yake, na mafuta baridi hayatoki.
2. Changanya vijiko 4 vya majivu na kijiko 1 cha sabuni ya kipande iliyokwaruzwa. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka upate uji usiodondoka kwenye kijiko.
3. Paka nje kote, hasa kwenye pindo la chini. Subiri dakika 10 hadi 15. Uji utaanza kuwa mweusi kwenye kingo kabla hujaugusa. Hiyo ni dalili kwamba masizi yameachia.
4. Sugua kwa dodoki lililolowa, kwa mizunguko midogo, ukianzia chini kupanda juu. Weusi uteleze kama tope. Ukihisi unakwaruza, ongeza maji.
5. Suuza, futa, na uanike juani kifudifudi.

Masizi ya miezi mingi hayatoki kwa mara moja. Rudia kesho, usiongeze nguvu leo. Mwenye kutumia mchanga kwa haraka hupata sufuria inayong'aa siku hiyo, lakini kila mkwaruzo ni kijishimo ambacho masizi ya kesho yatajificha.

Ndani ya sufuria, tatizo la Dodoma ni ule mstari wa kijivu na weusi unaobaki baada ya kuchemsha maji ya kisima kila siku. Dawa yake ni ukwaju. Una asidi ya tartari, ile ile iliyomo kwenye zabibu, nayo hung'arisha alumini bila kusugua sana. Chukua gramu 100 hivi, bonge la kujaa kiganja. Loweka kwenye nusu lita ya maji ya moto kwa dakika 20, finyanga, chuja nyuzi na kokwa. Mimina ndani ya sufuria, ongeza maji mpaka yapite mstari mweusi, chemsha kwa moto mdogo dakika 15. Utaona alumini inafunguka kuanzia kwenye mstari wa maji kwenda chini. Mwaga mara moja na usuuze. Usilaze ukwaju ndani ya sufuria usiku kucha, utaitoboa vitobo vidogo vidogo kama vya sindano. Ukosapo ukwaju, ndimu 5 kwa lita moja ya maji zinafanya kazi hiyo hiyo. Makapi ya ukwaju usiyatupe: yachanganye na chumvi kidogo, yasugulie visu vyenye kutu, acha nusu saa, osha, kausha, na paka tone la mafuta ya kula.

Ukoko wa ugali haudai dawa. Jaza maji ya baridi, subiri nusu saa, utajibandua wenyewe kama ngozi. Wali au maharage yaliyoungua kabisa ndiyo yenye kazi: kwenye sufuria isiyoshika kutu, chemsha lita 1 ya maji na kijiko 1 cha chakula cha magadi kwa dakika 10, acha ipoe, kisha kwangua kwa mwiko wa mti. Kwenye alumini, badala ya magadi weka vijiko 2 vya chumvi, chemsha kwa muda huo huo, na uvumilie kurudia mara mbili. Kikaango kisichogandisha kisiguswe na majivu, chumvi wala mchanga. Maji ya moto na kitambaa laini vinatosha.

Chungu cha udongo kina sheria yake. Kisioshwe kwa sabuni, kwa maana vitundu vyake vinanyonya, na mchuzi wa kesho utanuka sabuni. Chemsha maji ndani yake, sugua kwa dodoki na chumvi, suuza, na ukianike mpaka kikauke kabisa. Chungu kinachofunikwa kikiwa kibichi huota ukungu ndani ya siku mbili.

Birika na bomba

Ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa iliyoachwa na maji kila yanapochemka. Ukifikia unene wa ukucha, birika la umeme huchelewa kuchemsha, maana joto linapita kwanza kwenye jiwe kabla ya kufika kwenye maji. Kukwangua kwa kisu huharibu kipasha joto, na ukoko hurudi upesi zaidi kwenye mikwaruzo.

Changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, kiasi cha kufunika ukoko wote. Chemsha, zima, chomoa kwenye umeme, acha saa moja. Sogeza sikio karibu: utasikia mchemko mdogo kama wa soda iliyofunguliwa. Ni chokaa inayeyuka. Sauti ikikoma na ukoko bado upo, siki imekwisha nguvu. Mwaga, weka nyingine. Ukitumia ukwaju, tumia gramu 100 kwa lita moja, uuandae kama wa sufuria, ila uchuje vizuri sana, kwani nyuzi zikishika kwenye kipasha joto zitaungua na birika litanuka wiki nzima. Birika la alumini lisikae na siki zaidi ya dakika 20. Mwishoni chemsha maji matupu mara mbili na uyamwage.

Kwenye maji ya kisima, fanya hivyo kila baada ya wiki tatu au nne. Wanaosubiri ukoko unene hutumia siki ya chupa nzima kwa kazi ambayo ingekwisha kwa kikombe.

Bomba na kichwa cha bafu ni rahisi: lowesha kitambaa kwa siki, kizungushie bomba, kifunge na mfuko wa plastiki kisikauke, toa baada ya nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani. Kipande cha ndimu kilichokwisha kukamuliwa nacho kinavalishwa kwenye mdomo wa bomba kama kofia. Angalia tu matone yasidondoke kwenye sakafu ya saruji, terazo au jiwe halisi la marumaru. Ndani ya vitu hivyo kuna chokaa, na kitu kichachu hakijui kuchagua kati ya chokaa ya uchafu na chokaa ya sakafu. Doa lake ni la kudumu, lenye uso mkavu usiong'aa tena.

Maji ya kufulia

Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa iliyomo kwenye maji hugeuka utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyokatika. Utando huo hunasa uchafu na kurudi kwenye nguo. Ukiongeza sabuni unaongeza utando. Kinachotakiwa ni kuyalainisha maji kwanza.

1. Jaza ndoo ya lita 20.
2. Ponda magadi. Pima kijiko 1 cha chakula kilichosawazishwa, yayeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto, chuja. Magadi ya sokoni mara nyingi yana mchanga.
3. Mimina kwenye ndoo, koroga, funika. Maji yatakuwa na ukungu kama yamemwagiwa uji mwepesi.
4. Acha saa mbili, au usiku kucha. Ukungu utashuka chini na kuwa vumbi jeupe.
5. Chota au mimina maji ya juu, acha lita mbili za chini.

Kabla ya kulowanisha nguo, jaribu: tia maji hayo kwenye chupa ndogo, weka kipande cha sabuni cha ukubwa wa punje ya mahindi, tikisa. Povu likisimama dakika moja, maji yamelainika. Yakitoka mabonge meupe, ongeza nusu kijiko cha chai cha magadi kwenye ndoo. Magadi yakizidi mikono hupasuka na rangi za nguo hufifia, kwa hiyo panda polepole. Vipimo vya jirani havitakufaa kama anatumia kisima kingine. Nguo za sufu na hariri zisifuliwe kwa maji haya.

Kama nguo nyeupe zimeshakuwa za kijivu, mara nyingi si uchafu mpya bali ni ule utando uliojilimbikiza. Zisuuze mwisho kwenye lita 10 za maji zenye nusu kikombe cha siki, ziloweke robo saa, kamua bila kusuuza tena, anika juani. Harufu ya siki huondoka nguo ikikauka. Kama zililowekwa kwenye klorini siku hiyo, acha siki mpaka ufuaji mwingine.

Madoa

Doa la zabibu linastahili kuelezwa, kwa maana hapa kwetu ni la kila msimu na wengi hulikosea. Mkono wa kwanza huenda kwenye sabuni, na doa jekundu hugeuka bluu, halafu kijivu kinachoshika. Rangi ya zabibu hubadilika kila inapoguswa na kitu cha jamii ya magadi, na sabuni ni ya jamii hiyo. Anza hivi: nyunyizia chumvi doa likiwa bichi, inyonye dakika tano, ikung'ute. Kamulia ndimu. Kisha tandaza kitambaa juu ya beseni na umimine maji yaliyochemka kutoka juu kama nusu mita, yapite kwenye doa na kuondoka nalo. Rangi ikishatoka kabisa ndipo sabuni. Maji ya kuchemka ni kwa pamba tu.

Damu ni kinyume: maji ya baridi yenye chumvi, vijiko 2 kwa lita. Maji ya moto huipika damu ndani ya nyuzi na haitoki tena. Doa la binzari ya manjano likigeuka jekundu unapopaka sabuni, usiogope. Suuza, litarudi kuwa la njano, na jua la siku mbili au tatu litalimaliza. Mafuta ya kupikia yafunikwe kwa unga wa muhogo au wa mahindi kwa saa mbili kabla ya kufua. Kutu kwenye nguo nyeupe huondoka kwa ndimu na chumvi, saa moja juani, kisha kusuuzwa sana. Kwenye nguo ya rangi, jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani.

Kuhusu kanga mpya: chumvi haizuii kanga kuchuja rangi, ingawa wengi wameambiwa hivyo. Ifue peke yake kwa maji ya baridi mara mbili tatu za mwanzo, na uianike kivulini, upande wa nyuma ukiwa juu.

Vumbi

Maji yakigusa vumbi kabla halijaondolewa, unapata tope, na tope likikauka linashika zaidi ya mwanzo. Hasa kwenye nyavu za madirisha. Zipige kwanza kwa brashi kavu kutoka ndani kwenda nje, ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu.

Fagia asubuhi, upepo haujaamka. Anza juu: dari, vichwa vya milango, viunzi vya madirisha, viti, ndipo sakafu. Kabla ya kufagia sakafu, tawanya majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yaliyokamuliwa mpaka yasidondoshe maji. Kwa chumba cha kawaida, viganja viwili vinatosha. Yanakamata vumbi jembamba ambalo fagio la chelewa hulirusha tu hewani likatue tena mezani. Kwenye zulia la rangi nyeupe yasitumike, yanaacha doa. Tumia vumbi la mbao lililonyunyiziwa maji.

Kudeki kunataka ndoo mbili. Moja ya kuoshea dekio, moja ya kulisuuzia. Mwenye ndoo moja anahamisha vumbi kutoka chumba hiki kwenda kile. Likamue sana, kwa sababu maji yetu yakikauka sakafuni huacha mawimbi meupe ya chumvi. Kwenye vigae, maji ya mwisho yawe na robo kikombe cha siki kwa lita 5, na mawimbi hayo hayatatokea. Kwenye saruji, tegemea kukamua peke yake.

Vioo: kikombe 1 cha siki kwa vikombe 4 vya maji, kitambaa cha kwanza cha kuondoa vumbi, gazeti lililofinyangwa la kumalizia. Usifute kioo kinachopigwa na jua. Maji yanakauka kabla ya mkono kufika, na michirizi inabaki.

Sakafu ya udongo

Kwenye nyumba za tembe na nyingi za vijijini, Bahi, Chamwino hadi Mpwapwa, usafi wa sakafu ni kusiriba. Chekecha ndoo 3 za udongo wa kichuguu, changanya na ndoo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe na sahani ya majivu. Maji yaongezwe mpaka rojo lishike kwenye kiganja bila kuchuruzika. Lilaze usiku mmoja. Asubuhi fagia sakafu, nyunyizia maji mpaka ibadilike rangi, kisha paka kwa kiganja tabaka la nusu ya unene wa kidole cha mwisho, milimita tano hivi, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Likipasuka, udongo una mfinyanzi mwingi au umekauka kwa kasi; ongeza nusu ndoo ya mchanga na ufunge madirisha siku ya kwanza. Likibanduka kama maganda, sakafu ya chini ilikuwa kavu au ina vumbi. Mwenye kidonda mkononi asishike samadi, kwani pepopunda hukaa humo, na chumba cha mtoto mchanga ambaye kitovu hakijapona kisisiribwe mpaka apone.

Madumu, karo na choo

Kwa kuwa maji ya mgao huhifadhiwa, dumu la lita 20 huota utelezi wa kijani ambao mkono haufiki. Tia vikombe 2 vya kokoto ndogo zilizooshwa, lita 2 za maji na juisi ya ndimu 3. Funga, tikisa kwa dakika tatu, likiwa limesimama, limelala, limepinduliwa. Maji yatatoka ya kijani na vipande vya utando. Rudia mpaka yatoke meupe, kisha suuza mara tatu. Baada ya hapo dumu ni safi kwa macho tu. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa. Liweke mbali na mwanga, kwa maana kijani hicho hakioti gizani.

Karo lenye mafuta limwagiwe lita 2 za maji ya majivu yaliyopashwa joto, yasichemke, maana mabomba ya plastiki hulegea. Subiri nusu saa, fuatisha maji ya moto kiasi. Kwenye choo cha shimo, kopo moja la majivu makavu baada ya kutumia hupunguza harufu na nzi. Kwenye choo cha kuvuta maji usitie majivu kamwe. Hutulia kwenye kona ya bomba na kuziba. Ule mstari wa kahawia bakulini ni chokaa na kutu: punguza maji, mimina siki kikombe kimoja, iache usiku kucha, sugua asubuhi. Kama jana yake kuliwekwa klorini, vuta maji mara tatu kwanza, na uache dirisha wazi.